Mguu Uliovimba: Miaka 400 ya Kutafuta Kilichoshindwa Kupanda

SEHEMU YA 1: Bwawa, ndiva na mguu wako

Nesi wenu nimerudi. Safari hii sianzi na dalili na dawa kama mlivyozoea. Naanza na historia, na nitaigawa vipande 7 ili usome huku unamnyonyesha mtoto au unasubiri maharage yaive.

Kwa nini historia? Kwa sababu ya maswali mnayonitumia. "Nesi, jioni viatu havinitoshi." "Nesi, mishipa imenitoka miguuni kama kamba." Na hili: "Nesi, wifi yangu amejifungua wiki ya pili sasa, mguu mmoja umevimba, mama mkwe anasema amekanyaga."

Amekanyaga. Wote tunajua maana yake. Kuna kitu kilitegwa njiani au mlangoni, yeye akapita juu yake, kikampanda. Sikuandika haya kumcheka mama mkwe. Nataka nikuonyeshe kwamba madaktari wakubwa wa Ulaya nao waliwahi kueleza mguu huohuo kwa maneno yanayofanana kabisa na hayo. Walichukua miaka mingi kutoka huko. Wewe unaweza kutoka leo, kwa kusoma tu.

Tuanze hapa hapa kwetu Nyumba ya Mungu. Bwawa letu lilijengwa katikati ya miaka ya 1960 kuzuia mto Pangani, pale maji ya Kikuletwa na ya Ruvu yanapokutana. Mwaka 1968 mitambo ya umeme ikaanza kazi, megawati 8. Fikiria kidogo: umeme ule unatoka wapi? Unatoka kwenye maji kushuka. Maji yakishuka hayadai mtu chochote, yanakulipa wewe.

Wazee wetu wa milimani walilijua hilo kabla ya bwawa. Ndiva za Upareni ni hesabu hiyohiyo. Unazuia kijito usiku, maji yanajaa, asubuhi unafungua, yanateremka yenyewe kwenye mfereji mpaka shambani kwa mwenye zamu. Lakini mwambie mtu ayarudishe maji hayo kutoka shambani mpaka kwenye ndiva! Hapo utahitaji pampu, au ndoo na wanawake wa kubeba.

Damu yako ni hivyohivyo. Moyo wa mtu mzima akiwa ametulia unasukuma kama lita 5 kwa dakika. Ya kwenda mguuni inashuka, na moyo unaisukuma kwa nguvu. Mishipa inayoishusha tunaiita ateri. Kazi ngumu ni ya kurudi. Kutoka kifundo cha mguu mpaka moyoni ni zaidi ya mita moja ya kupanda ukiwa umesimama, na mishipa ya kurudisha, yaani vena, ina kuta nyembamba na haidundi.

Sasa nani anaipandisha? Hilo ndilo swali ambalo watu walilihangaikia. Shika jambo moja tu tunapoendelea: karibu kila mara watu walipoona mguu umevimba, walidhani kuna kitu KIMESHUKIA mguuni. Mara nyingi ukweli ulikuwa kwamba kuna kitu KIMESHINDWA KUPANDA.

SEHEMU YA 2: Vilango ndani ya mshipa

Kabla sijakupa majina, fanya hivi. Ning'iniza mkono mpaka mishipa ya nyuma ya kiganja ijitokeze. Chagua mmoja ulionyooka. Bonyeza kwa kidole kimoja upande wa vidole, kisha kwa kidole cha pili ukamue damu kuelekea kwenye kifundo cha mkono. Sasa achia kile kidole cha pili, kile cha kwanza kiache palepale. Umeona? Mshipa unabaki bapa kipande kizima. Damu iliyopita haitaki kurudi nyuma. Ukiachia na cha kwanza, unajaa mara moja. (Kama mishipa yako haionekani, mfanyie baba watoto, wanaume yao hujitokeza zaidi.)

Jaribio la namna hiyo lina zaidi ya miaka 400. Mwaka 1603, huko Padova nchini Italia, mwalimu wa upasuaji aitwaye Girolamo Fabrici alichapisha kitabu kidogo kuhusu vilango vilivyomo ndani ya vena. Wataalamu huviita vali. Aliviona na kuvichora vizuri sana. Ila kazi yake hakuipata. Alidhani vipo ili kupunguza kasi ya damu isijae yote miguuni. Unaona? Hata yeye aliyeviona kwa macho yake aliwaza damu inayoshuka.

Mwanafunzi mmoja aliyesoma Padova wakati huo, Mwingereza William Harvey, aliondoka na vilango vile kichwani. Akafunga mikono ya watu kwa kitambaa, akabonyeza mishipa kama ulivyofanya wewe sasa hivi, akapiga na hesabu: damu inayotoka moyoni ndani ya nusu saa tu ni nyingi kuliko chakula kinavyoweza kutengeneza. Basi lazima iwe ileile inayozunguka. Kitabu chake kilitoka mwaka 1628. Vilango vyote vinafungukia upande mmoja, kuelekea moyoni.

Na miaka karibu 400 kabla ya Harvey, tabibu Mwislamu wa Damascus na Cairo, Ibn al-Nafis, alikwisha andika kwamba damu kutoka upande wa kulia wa moyo lazima ipite mapafuni ndipo ifike upande wa kushoto. Weka hilo akilini, kwa sababu njia hiyo ya mapafu ndiyo inayoua akina mama. Tutafika.

Kwa hiyo nani anapandisha damu ya mguu? Kigimbi chako, mama. Shavu la mguu. Kila hatua unayopiga, nyama ile inajibana, inazikamua vena za ndani, damu inaruka juu ya kilango, kilango kinafunga nyuma yake. Hatua nyingine, kilango kingine. Ukisimama tuli, presha ndani ya vena za kifundo cha mguu hufika karibu 90. Ukianza kutembea hushuka mpaka chini ya 30. Huo ndio moyo wako wa pili, na hauna bili ya umeme.

Ndiyo maana dada anayekaanga perege pale mwaloni kuanzia saa 12 asubuhi mpaka jioni, amesimama palepale mbele ya karai, miguu yake inaweza kuvimba kuliko ya bibi aliyeshuka na mzigo wa ndizi kutoka Usangi kwenda guliono na kupanda tena. Bibi amechoka zaidi. Ila vigimbi vyake vilikuwa kazini siku nzima.

SEHEMU YA 3: "Mguu wa maziwa"

Hii sehemu kama una mjamzito au mzazi nyumbani, msomee kwa sauti.

Ulaya ya zamani kulikuwa na ugonjwa ulioogopwa. Mama amejifungua salama. Siku ya 10, ya 15, mguu mmoja, mara nyingi wa kushoto, unavimba kuanzia juu, unakuwa mweupe, mzito, unauma. Baadhi walipona taratibu. Wengine walikuwa wanazungumza vizuri tu, ghafla wanashika kifua, wanakosa pumzi, wanakufa.

François Mauriceau, mzalishaji maarufu wa Paris ambaye kitabu chake kikubwa cha uzazi kilitoka mwaka 1668, alidhani ni uchafu wa uzazi uliotakiwa kutoka ambao umegeukia mguuni. Karne iliyofuata Wafaransa wenzake wakaja na lingine: ni MAZIWA. Mtoto hanyonyi vizuri, maziwa yanakosa njia, yanashukia mguuni. Ngozi nyeupe si ndio ushahidi? Ugonjwa ukaitwa mguu wa maziwa, na jina hilo likakaa midomoni mwa watu miaka mingi mno.

Sasa niambie, maziwa yaliyoshukia mguuni na kitu kilichokanyagwa kikapanda vinatofautianaje? Wote walikuwa wanajaribu kueleza jambo la kutisha kwa walichokuwa nacho. Hawakuwa wajinga. Hawakuwa wameangalia ndani tu.

Aliyeangalia ndani ni daktari wa London, David Davis. Mwaka 1823 alieleza alichokikuta kwenye miili ya akina mama waliofariki na ugonjwa huo: vena kubwa za paja na nyonga zimezibwa na damu iliyoganda. Hakukuwa na maziwa humo. Damu ilikuwa imeshindwa kupanda.

Likabaki swali la kifo cha ghafla. Huyo alikuja kuwa Mjerumani, Rudolf Virchow, katika miaka ya 1840 na 1850. Alionyesha kwamba bonge linalokutwa mapafuni halikuzaliwa mapafuni. Limekatika mguuni, limesafiri na damu mpaka moyoni, likasukumwa kwenye njia ileile ya Ibn al-Nafis, likakwama. Mafundisho yake ndiyo yaliyotupa sababu 3 ambazo mpaka leo kila mwanafunzi wa uuguzi anazikariri: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda.

Hesabu hizo 3 kwa mama mjamzito. Mimba kubwa inakandamiza vena za nyonga, damu inakwenda polepole. Kujifungua, hasa kwa upasuaji, kunaumiza mishipa. Na mwili wa mjamzito kwa hekima yake unaongeza nguvu ya kugandisha damu ili asimalizike damu siku ya kujifungua. Zote 3 anazo. Na hatari iko juu zaidi katika wiki 6 za kwanza BAADA ya kujifungua. Yaani ndani ya arobaini yetu hiihii, mama akiwa nyumbani, kliniki hayupo, nesi hayupo. Yupo mama mkwe na mkando wa maji ya moto.

Kwa hiyo sikia vizuri. Mguu MMOJA umevimba baada ya kujifungua, au wakati wa mimba, unauma kwenye kigimbi au paja, una joto kuliko mwenzake: USIUCHUE. Usiukande, usiupake dawa ya kuchua, usimpeleke kwa fundi wa kunyoosha mishipa. Kuchua kunaweza kulikata bonge likasafiri. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na akikosa pumzi ghafla, kifua kikauma akivuta hewa, akakohoa damu au akazimia, hapo usisubiri kuche. Tafuta gari, tafuta bodaboda ya kumfuata mwenye gari, muondoke usiku huohuo.

SEHEMU YA 4: Viti vya London

Mwaka 1940 London ilikuwa inapigwa mabomu usiku. Watu wanashuka kwenye mahandaki na vituo vya treni za chini ya ardhi, wanalala wamekaa kwenye viti vya kukunja vile vya turubai, ubao wa mbele unabana nyuma ya mapaja. Saa 8, 10, usiku baada ya usiku.

Daktari wa kuchunguza maiti, Keith Simpson, akaona jambo geni. Watu ambao bomu halikuwagusa wanakufa ghafla asubuhi wanaposimama kurudi nyumbani. Anapasua, anakuta bonge mapafuni. Idadi ilipanda mara kadhaa kuliko mwaka wa nyuma. Akaandika mwaka huohuo, na ushauri ukawa rahisi: wapeni vitanda, walale wamenyooka. Vitanda vya mbao vikaanza kuwekwa.

Mwaka 1954 daktari wa Boston, John Homans, akaeleza jambo hilohilo kwa watu waliokaa muda mrefu safarini, kwenye ndege na magari. Sisi hapa tunalo basi. Ukitoka Same au Mwanga alfajiri kwenda Dar, unakaa kutwa nzima, mtoto mapajani, mkoba chini ya miguu, umejikunja. Kama ni mjamzito au umejifungua juzi, basi lile ndilo handaki lako la London. Likisimama Korogwe watu wakachimbe dawa, na wewe shuka. Hata kama huna haja, shuka utembee. Ukiwa umekaa, kanyaga na kunyanyua visigino mara 20, kila nusu saa. Kunywa maji, acha ile tabia ya kujinyima maji eti usisumbue kondakta.

Vita hiyohiyo ilifundisha jingine. Zamani Ulaya na Marekani mzazi alilazwa kitandani wiki nzima, hata mbili, haruhusiwi kukanyaga chini. Miaka ya 1940 vitanda vikawa haba, wauguzi haba, wakaanza kuwainua akina mama mapema. Madhara waliyoyaogopa hayakuja. Leo ukijifungua, saa chache tu nesi anakuja "mama, amka utembee kidogo," na wewe unamwona katili. Hana roho mbaya. Anawasha vigimbi vyako.

Na arobaini yetu je? Mimi naipenda. Mama anapumzishwa, anapikiwa, anaogeshewa mtoto. Hiyo ni heshima, tuitunze. Lakini kupumzika si kulala kutwa. Mama mkwe, mruhusu mwanao atembee uani asubuhi na jioni. Asibebe ndoo, asikate kuni, ila miguu iende.

SEHEMU YA 5: "Huo ni ugonjwa wa wazungu"

Sasa tuje Afrika Mashariki. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja tu kwa ajali ya utotoni. Alifika Uganda miaka ya 1940, akafanya kazi Lira, kisha Mulago, Kampala. Dunia inamkumbuka kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958, ambayo ina jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu na kuzunguka hospitali za Afrika Mashariki na Kusini, Tanganyika ikiwemo, safari ya maili 10,000, wakiuliza kila hospitali: mnauona huu? Wapi hamuuoni?

Alikuwa na kipaji hicho, kuuliza ugonjwa uko wapi na hauko wapi. Mwaka 1972 akaandika makala kwenye jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu mishipa ya miguu iliyovimba, damu kuganda miguuni, na bawasiri. Alisema magonjwa haya ni mengi nchi tajiri na ni haba vijijini Afrika. Sababu kwa maoni yake ni chakula: wao wanakula mkate mweupe, choo kigumu, wanajikamua, presha inarudi miguuni. Sisi tunakula vyakula vyenye nyuzinyuzi. Kwa Mpare hapo ameyasifu makande bila kuyataja!

Makande ni chakula kizuri, hilo sikatai. Kufunga choo hakumsaidii mjamzito yeyote. Lakini kuhusu miguu, miaka iliyofuata haikumpa Burkitt ushahidi wa kutosha. Yanayoonekana kupeleka mishipa kuvimba ni umri, kurithi, mimba nyingi, uzito, na kusimama muda mrefu. Na kuna shimo kwenye hesabu yenyewe: hospitali inamhesabu anayefika. Mama wa milimani mwenye mishipa kama kamba lakini anaweza kulima, atapanda gari kwenda hospitali kuonyesha mishipa? Hatapanda. Ataishusha kanga, siku ziende.

Tatizo ni kilichobaki midomoni: "hayo ni magonjwa ya wazungu." Nalisikia mpaka leo, hata kwa watu wenye elimu zao.

Ona mfano wa sukari. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake, wakiwa Dar es Salaam, walichapisha uchunguzi wa watu wazima kwenye vijiji 6 vya Tanzania, vingine hukuhuku Kilimanjaro. Wenye kisukari hawakufika hata 1 katika 100. Ungeweza kusema si ugonjwa wetu, na namba ungekuwa nazo. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa ukakuta karibu 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Uchunguzi haukufanana kila kitu, lakini miaka 23 tu! Mwili wa Mtanzania haukubadilika kwa miaka 23. Maisha ndiyo yalibadilika: soda, bodaboda badala ya miguu, kazi za kukaa.

Usiseme "si wetu." Sema "bado haujafika kwangu," halafu uwe macho.

SEHEMU YA 6: Mhandisi kwenye maji

Hii naipenda kwa sababu inatuhusu watu wa bwawani.

Conrad Jobst alikuwa mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Toledo, Ohio, huko Marekani. Alikuwa na ugonjwa wa vena, miguu inauma na ina vidonda. Akagundua kwamba akisimama kwenye bwawa la kuogelea, maumivu yanaisha. Daktari angesema "vizuri, endelea kuogelea." Yeye kama mhandisi akajiuliza kwa nini.

Jibu lilikuwa uzito wa maji. Kadiri unavyoenda chini, maji yanabana zaidi. Kifundo cha mguu kinabanwa sana, goti kidogo, paja kidogo zaidi. Maji yanaikamua damu kupanda! Kufikia miaka ya 1950 akatengeneza soksi zinazofanya hivyo hivyo: zinabana zaidi kifundoni, zinalegea kadiri zinavyopanda. Kanuni ya soksi zinazouzwa kwenye maduka makubwa ya dawa leo ni hiyo. (Sikutumi ukasimame bwawani, jamani. Bwawa letu lina kichocho na mamba. Nakuonyesha kanuni tu.)

Sasa tahadhari kubwa. Soksi na bandeji za kubana ni za mguu ambao damu inashindwa KUPANDA. Kuna mguu wa aina ya pili, ambao damu inashindwa KUSHUKA kwa sababu ateri zimeziba. Hapo sukari, sigara na presha ndio wakosaji wakubwa. Huo ukiubana, unaukaba.

Utautofautishaje? Mguu wa vena: mzito jioni, unapungua ukiinua miguu, mishipa imejitokeza, ngozi ya kifundo inageuka kahawia, kidonda kinakaa upande wa ndani juu ya kifundo. Mguu wa ateri: baridi, kigimbi kinauma ukitembea na kutulia ukisimama, usiku unauma zaidi ukiwa umeinuliwa, unataka kuuning'iniza, kidonda kinakaa vidoleni au kisiginoni. Hii ni ya kukuongoza tu. Kabla ya kununua soksi, nesi au daktari aguse mapigo ya damu juu ya unyayo wako. Inachukua dakika moja.

Na mwenye sukari anaweza asisikie maumivu kabisa, miguu imeshakufa ganzi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walianzisha mpango wa kufundisha madaktari na wauguzi wa mikoani namna ya kuikagua na kuiokoa miguu ya wenye sukari. Somo lake unaweza kulifanya nyumbani: kila jioni mkague baba au bibi mwenye sukari, nyayo na katikati ya vidole. Malengelenge, mwiba, ufa, alama ya ndala. Kidonda chochote, kesho yake zahanati. Acheni kufungua kapsuli na kumwagia unga kwenye kidonda. Unakifunika juu, chini kinaoza.

SEHEMU YA 7: Tufunge hesabu

Mmenivumilia. Sasa chukua haya, uyabandike hata kwenye mlango wa kabati la vyombo.

Kama unasimama sana (mama ntilie, wauza samaki, walimu, dada wa saluni): usisimame tuli. Simama kwa vidole na kushuka mara 20, mara kadhaa kwa siku. Zunguka. Ukipata nafasi kaa uinue miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Jioni: lala chali dakika 15, miguu juu ya mto au ukutani, juu ya usawa wa moyo. Mjamzito mwenye mimba kubwa asilale chali muda mrefu, alale ubavu wa kushoto.

Mjamzito, MIGUU YOTE MIWILI imevimba kidogo jioni, asubuhi imepungua: mara nyingi ni kawaida. Lakini ikivimba pamoja na uso na mikono, kichwa kikauma sana, macho yakaona vimulimuli, tumbo la juu likauma: hiyo inaweza kuwa presha ya mimba, inayoelekea kwenye kifafa cha mimba. Usisubiri siku ya kliniki.

MGUU MMOJA, ghafla, unauma: hospitali siku hiyohiyo. Usichue.

Umejifungua kwa upasuaji, au uliwahi kuganda damu, au ndugu yako wa damu aliwahi: mwambie nesi na daktari kabla hujaruhusiwa. Na ukiwa na historia hiyo, sema pia kabla ya kupewa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili. Kuna njia nyingine salama.

Dawa za kuzuia damu isigande zipo. Ile ya sindano, heparini, iligunduliwa mwaka 1916. Mwaka 1960 madaktari wawili wa Bristol, Uingereza, Barritt na Jordan, walionyesha kwamba ikifuatiwa na vidonge inawaokoa watu ambao bonge limeshafika mapafuni. Mama anaweza kuchomwa sindano hiyo na akaendelea kunyonyesha. Ila haimsaidii aliyeko chumbani anakandwa.

Mama mkwe, neno lako ni kubwa kuliko langu. Mimi naandika kwenye simu, wewe uko mlangoni kwa mzazi. Ukiona mguu mmoja umevimba, wewe ndiye utakayesema "tumwite mtaalamu wa kuondoa alichokanyaga" au "twende hospitali." Kama moyo wako unataka na sala, sali. Salini kwenye gari, mkiwa njiani kwenda hospitali.

Mtumie wifi yako, mtumie shemeji mwenye mke mjamzito. Na wewe uliyesoma mpaka hapa umekaa muda wote huo, haya, nyanyuka utembee kidogo.

Nesi wenu.